Mguu Wenye Udhu

Mjukuu wangu anaandika kwa mguu wa kulia. Hushika chaki baina ya kidole gumba na kidole cha pili, hukaza unyayo, na alifu yake husimama wima kuliko alifu za watoto wengi wenye mikono mizima. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonifanya mimi, mwanamke niliyelelewa juu ya mkeka wa chuo na kufundishwa kushukuru kabla ya kufundishwa kusoma, nikae na hasira kifuani karibu mwaka mzima. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa wetu hapa Malindi alimrudisha nyumbani kwa ajili ya mguu huo. Alimwambia mguu hauandiki maneno ya Mungu.

Katika chuo kile asiyeandika ubao hapandi juzuu. Hilo watu wa nje huenda wasilijue. Mtoto huandika alifu, be, te, akafutiwa, akaandika tena, mpaka mwalimu aridhike; ndipo husogezwa mbele kwa wenziwe. Asiyeandika hukaa pale pale kando ya mlango akiitikia yanayosomwa na wengine, na hukaa hivyo mpaka anakuwa mkubwa na kuona haya kuja. Nimewaona wa namna hiyo. Sikutaka wangu awe mmoja wao.

Kwanza nieleze mtoto huyu mwili wake ukoje, maana hata watu wanaotupenda hawaujui, na wengi hawajauliza.

Mama yake ni binti yangu wa mwisho. Mumewe ni dereva wa lori, maskani yake Mariakani, hurudi anapopata nafasi. Mimba ya kwanza ilipokua, binti alirudi kwangu kama ilivyo desturi, ajifungulie kwa mamake. Siku moja tukichambua mchele aliniambia, “Mama, huyu hachezi.” Nilimwambia akaseme kliniki. Akasema, wakasikiliza moyo, ukapiga vizuri, akarudi. Wanawake waliokuja kututazama walimwambia amebahatika, amebeba mtoto mpole, mwenye adabu tangu tumboni. Mkwe wangu, yaani mama wa mumewe, aliyekuja kutoka Gede na kikapu cha tungule, alisema watoto wote wa ukoo wao ni watulivu. Neno hilo, mpole, mpaka leo nikisikia likitajwa juu ya mtoto asiyechezacheza, damu hunipanda.

Alizaliwa na mikono iliyonyooka ubavuni kama ya askari kwenye gwaride. Viwiko havikukunjika. Viganja vilipinda kwa ndani, kama mtu anayeficha kitu alichopewa. Magoti yalikuwa magumu, na nyayo zimegeukiana. Nilimshika nikatazama viwiko vyake kwa karibu, nikaona ngozi ya pale ni laini, haina mkunjo hata mmoja, kama kitambaa ambacho hakijapata kukunjwa tangu kitoke dukani. Uso wake ulikuwa wa mviringo, na macho yalinitazama mimi, yakamtazama mama yake, yakarudi kwangu. Nikajua mna mtu mle ndani, tena mtu mzima kamili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sikulitarajia, akatueleza. Alisema hali hiyo huitwa athrogriposisi, jina lililonishinda ulimi kwa muda mrefu. Si ugonjwa mmoja, alisema. Ni hali yenye milango mingi ya kuingilia. Kiungo cha mtoto hujifunza kukunjika tumboni kwa kukunjwa: mtoto anapiga teke, ananyoosha mkono, anajigeuza, na kila akifanya hivyo viungo vyake vinalainika. Huyu misuli yake haikukua inavyopasa, kwa hiyo hakucheza, na kiungo kisichocheza hukazwa na nyama zinazokizunguka kama fundo la kamba lililokaukia juani. Haitaenea. Haitazidi kadiri anavyokua. Akili yake haikuguswa. Na namna hii aliyo nayo yeye, kwa kawaida haifuati ukoo.

Binti yangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Nilifanya nini?”

Daktari akamwambia hakufanya kitu. Akamwambia tena. Binti alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, lakini nilimwona kuwa hakusadiki, na sababu ya kutosadiki nikaijua tuliporudi nyumbani. Walikuja wanawake wa mtaa na vibakuli vyao vya uji wa pilipili manga, wakakaa, wakaanza. Hukumcheka kiwete wewe, ulipokuwa na mimba? Hukutoka nje magharibi? Mwezi ulipopatwa ulikuwa wapi, hukujikuna? Hukumkatalia mtu chakula? Walikuwa wanampa pole na kumchimba kwa pumzi moja. Binti yangu, aliyetoka kuzaa, akaanza kujikagua. Alikumbuka bibi mmoja aliyepita na mkongojo akaangusha mhogo, na yeye akatabasamu. Alikumbuka jioni aliyotoka kuanua nguo. Nikasimama nikawaambia wale wanawake kwamba mgonjwa anataka kulala, na uji tutaunywa wenyewe. Mmoja aliniambia huko nje mlangoni kuwa nimekuwa mkali. Nikamwambia bado.

Kisha likaja lile la kukanda.

Kwetu mtoto mchanga hukandwa. Akisha kuogeshwa hupakwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, mikono ikapishanishwa kifuani, miguu ikavutwa, mgongo ukasuguliwa, mpaka alale usingizi mzito. Mimi nimekandwa, wanangu wamekandwa, wala sina neno na desturi hiyo. Lakini daktari alikuwa ametuonya. Huyu anyooshwe kwa upole, na mtu aliyeelekezwa, kwa sababu mifupa ambayo haikuchezeshwa huwa myembamba. Nilimweleza mkwe wangu maneno hayo yote. Alinisikiliza, akaitikia, kisha akaleta mkandaji wake siku ambayo binti yangu alikuwa akioga na mimi niko juu ya mswala, nasali adhuhuri.

Kwa mawazo yao, mtoto aliyekakamaa ni mtoto ambaye hajakandwa vya kutosha, na dawa ya kukakamaa ni mkono mzito zaidi. Nilisikia kilio. Mama aliyelea anakijua kilio cha njaa na cha usingizi na cha hasira, na hiki hakikuwa kimojawapo. Nilikata sala. Sijawahi kukata sala kwa ajili ya nyoka wala moto, lakini siku ile nilikata, wala sijutii, na Mwenyewe anajua.

Mkandaji alikuwa amekaa miguu ameinyoosha, mtoto juu ya miundi yake, mafuta yakimng’aa. Akaniambia viungo vilikuwa vimelala na sasa vinaamka. Mkwe wangu akaniambia, “Mwenzangu, mtoto akikandwa hulia.”

“Huyu halii hivyo,” nikamwambia. “Nipe mtoto.”

Paja lilikuwa limevunjika.

Watu wakasema ni kadari. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa rasmi, ikapewa jina. Naamini kadari, kheri yake na shari yake, na nimeiamini kabla ya wengi wao kuota meno. Nimezika mume na kaka nikasema alhamdulillahi na nikaimaanisha. Lakini kadari si kitambaa cha kufutia mikono. Mtu akiambiwa usivute, akavuta, pakavunjika, asimtaje Mungu mbele yangu kabla hajajitaja mwenyewe. Mkwe wangu alilia siku nyingi, na namshukuru kwa machozi yale kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tangu hapo yeye ndiye mkali kuliko sisi sote. Hata mjomba mtu akitaka kumbeba mtoto humuuliza ameruhusiwa na nani.

Mfupa uliunga. Ndipo tukaanza safari za Kilifi, kwenye kliniki ya miguu. Kila wiki waliisogeza miguu kidogo sana kuelekea mahali pake, wakaifunga plasta, tukarudi. Jioni kabla ya safari tulimkalisha kwenye karai la maji, tukaacha plasta ilainike, tukaibandua taratibu utepe kwa utepe, na maji yale meupe tukayamwaga uani, kwenye shina la mkilua. Wiki baada ya wiki nyayo zile ziliachana, zikageuka, mpaka siku moja zikatazama chini kama nyayo za watu. Baadaye akavishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, alale navyo. Alivichukia. Alikuwa akigonga ukuta navyo mpaka majirani wakaamka.

Mikono ilikuwa kazi nyingine. Palikuwa na mama wa mazoezi, mtu wa maneno machache, aliyenifundisha kukunja kiwiko chake polepole, nikishika na kuhesabu pumzi, nikiacha kabla hajakunja uso. Nilimuuliza mikono itakuja kuwa kama ya wengine lini. Akaniambia, “Bibi, hatutafuti mkono mzuri wa kupigwa picha. Tunatafuta mkono utakaofika mdomoni.” Neno hilo lilinituliza kuliko mawaidha mengi. Leo akiegemeza mkono kwenye meza, akainama kidogo, mkate unafika. Zaidi ya hapo viganja havina nguvu. Kushika kalamu na kuikokota, haviwezi.

Lakini Ramadhani moja, akiwa bado mdogo wa kukaa na kujisukuma kwa makalio, tulikuwa tumefuturu na kokwa za tende zimetapakaa mkekani. Alinyoosha mguu, akaokota kokwa moja kwa vidole, akaitia sahanini. Akaokota nyingine. Mama yake akataka kumkataza, kwa sababu mguu na sahani ya chakula havikai pamoja. Nikamshika mkono binti yangu nikamwambia nyamaza, tazama. Alizimaliza zote.

Tangu hapo tukajua mikono yake iko wapi. Nilimtengea mswaki, kijiko na kitambaa chake. Nilikuwa na wasichana wachache wanaokuja barazani kwangu kujifunza herufi, na yeye hukaa nyuma akitazama. Siku moja nikakuta alifu za makaa zimejaa sakafuni kutoka jikoni mpaka mlangoni. Nilijifanya nimekasirika kwa ajili ya sakafu. Hakudanganyika.

Alipofika umri wa chuo alitaka chuo, si baraza yangu ya bibi kizee. Kule ndiko waliko watoto wenziwe wa mtaa. Walikuwa wanamwita Kijiti, kwa vile anatembea magoti hayakunjiki vizuri, na yeye huwajibu, “Kijiti hakipindi. Wewe je?” Anawapenda na wanampenda. Mama yake akamshonea kanzu na mtandio, mimi nikamnunulia ubao, nikampeleka kwa mwalimu.

Mwalimu yule ni kijana niliyemfundisha alifu mwenyewe, barazani pale pale, kabla hajaenda kwenye vyuo vikubwa. Alinipokea kwa shikamoo na mkono kifuani, akamkalisha mtoto mkekani, akasema karibu. Nikarudi nikiwa na furaha. Siku zikapita chache tu. Kisha alasiri moja nikamkuta binti yangu kwenye mfereji wa uani, amechutama, anamwosha mtoto miguu. Mtoto anasema, “Tena.” Anatiwa sabuni, anasuguliwa, anamwagiwa. “Tena.” Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji.

Nikauliza kuna nini. Mtoto akaniambia, “Mwalimu kasema mguu ni mchafu, hauandiki maneno ya Mungu. Bibi, bado mchafu?”

Nimesema nilifundishwa kushukuru. Nimefundishwa pia kwamba mwenye hasira akiwa amesimama na aketi, na akiwa ameketi na atawadhe. Niliketi. Nikatawadha. Nikamtawadhisha na yeye, kiungo kwa kiungo, kama ninavyofanya siku zote kwa kuwa mikono yake haifiki, na nilipofika miguuni nikaona ninachotaka kusema. Nikavaa buibui nikaenda nikiwa na hasira zangu zote pamoja na udhu.

Watoto walikuwa wametawanyika. Mwalimu alikuwa peke yake barazani, anakunja mikeka. Nyuma yake pazia la mlango wa nyumba yake. Aliniamkia, akanivutia kiti. Nikamuuliza kama ni kweli alisema alivyosema.

Alieleza kwa adabu. Mguu ni mahali pa chini, alisema. Hukanyaga kila kitu. Hatuwezi kuunyooshea msahafu, seuze kuuandikia. Yeye hana ubaya na mtoto, wala hakusudii kumvunja moyo. Aje, asikilize, akariri na wenzake. Asiandike tu.

“Mwanangu,” nikamwambia, “na mkono unashika nini? Wa kushoto sitaitaja kazi yake.”

Akatabasamu akainamisha kichwa. Sikutabasamu.

“Mguu tunauosha kila tunapomwendea Mungu,” nikasema. “Ndio tunaosimama juu yake mbele yake. Mtoto huyu hawezi kuinua mikono kusema takbiri. Mguu ndio alioachiwa. Nani kakwambia Mungu alimwachia kitu asichokitaka?”

Akasema hilo amelisikia, na kwamba dharura ina hukumu yake, analijua. Lakini wazazi wana maneno, mtaa una maneno. Alikuwa akizungumza huku anakunja mkeka uliokwisha kukunjwa. Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti ya kike, ya chini, sauti ya mtu aliyechoka kusikia.

“Mwambie kweli, mume wangu.”

Aliuweka mkeka chini. Mwisho akaniambia, bila kunitazama, kwamba mke wake ana mimba, ya kwanza, na mama mkwe wake yeye mwalimu amemkataza binti yake asimtazame mtoto yule, asije akazaa wa namna ile. Na chuo kiko mlangoni mwao. Kila akitoka humwona.

Basi ndio hivyo. Hapakuwa na hukumu ya mguu. Palikuwa na woga, na woga ule ulikuwa umevishwa kilemba. Angeniambia, Bi Mkubwa, mke wangu anaogopa, ningemwelewa. Ningemsubirisha mtoto nyumbani mwenyewe, miezi ile michache, kwa hiari yangu. Lakini alimtazama mtoto wa miaka sita machoni akamwambia Mungu hautaki mguu wake. Mtoto akarudi nyumbani kujisugua. Sina uhakika kama katika maisha yangu nimewahi kukasirika vile. Nilimwambia, “Ulikuwa na mlango wa kukimbilia ukaukimbilia wa Mungu. Ungekimbilia wa mama mkwe wako.”

Kisha nikaomba ruhusa nikaingia ndani kwa mke wake.

Alikuwa msichana mdogo, ameketi kitandani, leso imefunikwa juu ya tumbo kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. Alinipa shikamoo na kuanza kulia. Nilikuwa nimeingia kwa ukali, na ukali ukakosa pa kukaa. Akaniuliza jambo moja tu: je, mjukuu wangu alikuwa akicheza tumboni? Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote aliyotueleza daktari yule, kwamba viungo hukazana kwa kutochezeshwa, na kwamba jicho la mama halipeleki kitu tumboni. Aliuchukua mkono wangu akauweka ubavuni mwake. Mtoto akapiga teke. Akapiga tena, kwa nguvu, kama anayenifukuza.

Sikuweza kuuondoa mkono upesi. Teke lile ndilo binti yangu alilolisubiri asilipate, na watu wakamwambia amebahatika.

“Huyu siku akitulia,” nikamwambia, “nenda hospitali, uwaambie. Mtu akikwambia mtoto mpole, usimsikilize, hata akiwa mimi.”

Nikarudi nyumbani. Mtoto hakwenda tena chuoni. Nilimfundisha mwenyewe, ubao juu ya mkeka, chaki mguuni, na alikwenda mbio kuliko nilivyotaka. Lakini alasiri sauti za wenziwe zilipokuja juu ya ukuta, wakisoma pamoja kwa mvuto ule wa watoto, yeye alikuwa akiacha kuandika. Anasoma nao, peke yake, uani, sauti yake ikichelewa kidogo nyuma ya zao. Nikamsikia mpaka nikaingia ndani.

Siku za Ijumaa nilikuwa nampeleka mpaka karibu na msikiti, akae na wanawake. Mara moja mzee mmoja aliyekuwa akipita alimtia sarafu mapajani, akasema maskini, akaenda zake. Mtoto aliitazama ile sarafu. “Bibi, kanipa ya nini? Mimi simuuzii kitu.” Nikamwita mzee yule nikamrudishia, mbele ya watu. Alinuna. Labda hakuwa na nia mbaya. Nimechoka na watu wasio na nia mbaya.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mke wa mwalimu alianza kuja kwetu. Mara ya kwanza alileta kitambaa, anataka binti yangu amshonee dera la kujifungulia. Lilikwisha. Akaleta kingine. Alikuwa akiketi juu ya mkeka kwa shida, tumbo mbele, kumkabili mjukuu wangu, na kumtazama. Hakuibia kwa pembe ya jicho. Alitazama vidole vinavyoshika chaki, magoti, viwiko. Siku moja mtoto akamwambia, “Unataka nikuandikie jina lake? Litakuwa nani?” Akamwambia bado hawajalichagua. “Basi nitakuandikia alifu, huenda ikawemo.” Akamwandikia. Sikumuuliza kama mumewe anajua anakokuja. Nilijua hajui.

Alizaa mtoto wa kiume salama. Siku ya akika, bakuli la nyama lilitufikia likiwa limefunikwa kitambaa, na ujumbe wa mwalimu: mwambie Bi Mkubwa sasa amlete mtoto, mlango uko wazi.

Sasa. Kwa kuwa hatari imepita. Nilisimama na bakuli lile mkononi. Nilimwambia binti yangu kwamba mtoto hakanyagi pale mpaka nife, na kwamba heri abaki na bibi yake asiye na cheo kuliko kwa mtu anayefungua na kufunga mlango wa Mungu kama duka. Nilisema mengi. Mtoto alikuwa anasikiliza, amekaa kwenye kizingiti. Akangoja nimalize.

“Bibi,” akasema, “mimi nataka kwenda. Wewe kaa ukasirike, mama atanipeleka.”

Binti yangu akageuka ukutani asinionyeshe anacheka.

Nilimpeleka mwenyewe. Nilimtawadhisha kwanza, nikambebea ubao, akatembea mbele yangu kwa ule mwendo wake wa kuyumba, akiwahi. Watoto walipomwona wakasogea kumpa nafasi, mmoja akaita, “Kijiti kaja.” Mwalimu akainuka. Nikasimama pale nikamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba aliwaambia watoto hawa mguu wa mwenzao ni mchafu, na nataka awaambie tena, vizuri.

Alisafisha koo. Alisema yaliyopita yamepita, kila jambo na wakati wake. Akasema alhamdulillahi, walijikinga, na Mungu akawakinga, kila mtu amebaki na heri yake.

Pazia likafunguliwa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wake begani, akimpiga mgongo taratibu.

“Mimi nilimtazama,” akasema. “Nilikwenda kwao kila siku kumtazama.”

Mwalimu alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe aliyekuwa akirusha miguu ndani ya kitambaa, akazitazama herufi alizokuwa ameandika kwenye ubao mkubwa kana kwamba yuko mtu mwingine aliyeziandika. Mjukuu wangu, ambaye mambo ya wakubwa humchosha upesi, alikuwa ameshaketi mstari wa mbele na kuvua kandambili.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nina udhu. Niandike wapi?”

Mwalimu akainama. Akachukua ule ubao nilioubeba, akauweka mkekani mbele ya mguu wake, akausogeza kidogo, akausogeza tena mpaka ulipokaa sawa. Akachukua chaki akamwekea katikati ya vidole kwa mkono wake mwenyewe. Lakini nililomtaka awaambie watoto hakulisema. Mpaka leo hajalisema.

Mtoto anakwenda kila alasiri. Ameshasogezwa mbele kwa wenziwe, na husoma nao sauti yake ikiwa ndani ya zao, haichelewi. Mimi ninayesikiliza kutoka uani nashukuru, na shukrani yangu ni ya kweli. Mwalimu akinikuta njiani hunipa shikamoo, nami humjibu marahaba, kwa sababu ni haki yake. Kisha husimama kidogo mbele yake, nikimngojea. Naye anajua ninachongoja.